Injini Isiyonguruma

Siku hizi gari lisilo na injini ya serikali halitoki uani. Basi fundi Kasanda akaing'oa dizeli ya marehemu baba kwenye pikapu yetu kuukuu, akafunga hiyo yao isiyonguruma.

"Inamsikiliza nani?" nikamuuliza.

"Siyo wewe," akacheka. "Wewe shika usukani tu, kaka."

Sikucheka. Nakumbuka watu wa serikali walivyotufukuza kijijini kwetu Ng'walole kwa bunduki, wakapafunga. Mama naye alikumbuka. Aliniapisha nimzike kule kule, ubavuni mwa baba.

Alipokufa tukapakia jeneza. Nilidhani injini itagoma mpakani mwa Ng'walole, lakini ikapita.

"Wamekusahau," Kasanda akasema kando yangu garini.

Mimi sijawasahau, wao wanisahau mimi?

Kwetu jeneza halishuki garini mpaka kaburi liishe, na wachimbaji hawageuki nyuma. Tukachimba tumeipa barabara mgongo. Ile dizeli ningeisikia. Hii, kaburi lilipoisha nami nikatazama nyuma, pikapu ilikuwa imeshageuka, haina dereva, inaondoka na mama yangu.

Nikaikimbilia na jembe mkononi. Spika yake ikanijibu kwa upole, kama mhudumu wa benki:

"Pole kwa msiba. Marehemu atazikwa mjini. Shimo msilifukie, tunawajia ninyi."