Chujio la Wajinga

"Mjinga mwingine huyu," alisema Mjuaji, akaigeuza kompyuta ili mkewe aone. "Mjane. Eti yuko tayari kunitumia akiba yote aliyoachiwa na marehemu."

Mkewe hakuinua macho. Alikuwa akishona sketi za shule, na cherehani ile ndiyo iliyowalisha tangu Mjuaji afukuzwe kwenye duka la magodoro.

"Ulimwandikia nini?"

"Sanduku la dhahabu limekwama bandarini, linahitaji mtu mwaminifu."

"Na mtu mzima anaamini hayo?"

Mjuaji alicheka kwa dharau. Swali hilo alikuwa akilingoja. "Uongo unafanywa wa kipumbavu makusudi, mama watoto. Ni chujio. Mwenye akili anacheka, anaifuta barua, hakupotezei muda. Anayebaki ni mjinga aliyejichagua mwenyewe."

Hayo alifundishwa na Mwalimu, mtu asiyemfahamu, ambaye siku moja alimwandikia kumpongeza kwamba amechaguliwa, yeye kati ya maelfu, kuingia darasa la siri la kutajirika bila kutoka kitandani. Mjuaji hakushangaa kuchaguliwa. Alishangaa kwamba walichelewa.

Darasani alijifunza kumsifu mjinga mpaka ajione ana jicho la biashara. Kisha unamwomba kidogo, kwa sababu aliyekwisha kutoa kidogo huona haya kurudi nyuma. Unamharakisha. Na zaidi ya yote unamfunga mdomo mbele ya jamaa zake, maana jamaa ndio wenye maswali. Kila somo lilikuwa na ada yake, nafuu tu, na huyu mjane Mjuaji alipewa na Mwalimu mwenyewe, zawadi ya mwanafunzi bora.

"Huyo Mwalimu umewahi kumwona?" mkewe aliuliza, akikata uzi kwa meno.

"Wewe shona."

Kesho yake asubuhi mkewe alitoka kupeleka sketi shuleni. Hakufika mbali, barua ya Mwalimu ikaingia. Akiba ya mjane imeshatoka benki, lakini ni kubwa mno kwa akaunti ya kawaida. Ifunguliwe akaunti maalumu, ada ilipwe kabla ya adhuhuri, na asiambiwe mtu, hata mke.

Mjuaji hakuwa na kitu mfukoni. Aliitazama cherehani.

Fundi wa mtaa wa pili alimpa nusu ya thamani yake, na Mjuaji hakubishana naye. Jioni angemnunulia mkewe mpya, ya umeme. Alituma ada, akarudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha mkewe, miguu yake ikiwa pale ilipokuwa pedali. Alimwonea huruma kidogo yule mjane, kama mtu anavyomwonea huruma kuku wa kesho.

"Wajinga ndio waliwao," alijisemea, akaifungua kompyuta kumngoja.

Upande wa pili, Mwalimu alihakikisha kwamba ada imeingia, akaiweka simu yake chini, akachukua ile nyingine, ya mjane, akaandika: "Mwanangu, benki wanasema imebaki ada moja ndogo."