Pengo Baada ya Ubeti wa Pili

Kwaya ilipoanza kuimba Sabato ile, vidole vyangu vilianza kutafuta nyuzi za gitaa kwenye jalada la Biblia.

Maneno yalikuwa ya mbinguni, lakini tuni ilikuwa yetu. Tuliitunga zamani kule kwetu Mosocho, wanaume wanne wenye kofia pana, tukipiga muziki wa kantri kwa gitaa na obokano, kinubi cha Kisii kinachonguruma kama fahali anayeota. Wenzangu wote wameshazikwa. Mimi nilibatizwa, gitaa nikaliacha, maana Drusilla alisema hawezi kuolewa na mtu wa baa. Enzi hizo, akipita tulipokuwa tukipiga, alikaza mwendo na kuinamisha kichwa.

Ukungu wa Ikonge, tulikokuja kusali kama wageni, ulikuwa ukiingia madirishani, hata waimbaji wakaonekana kama wanaelea.

"Wimbo huu wameutoa wapi?" nilimnong'oneza mama aliyekaa mbele yetu.

"Ni wa zamani, baba. Sisi huuimba tukichuma chai. Hauna mwenyewe."

Kando yangu Drusilla, mke wangu, alitulia tuli na kitambaa chake cheupe kichwani.

Baada ya ubeti wa pili kwaya ilinyamaza. Hapo ndipo zamani nilipokuwa nikipiga mluzi. Wao waliliacha pengo tu, bila kujua ni la nini. Midomo ilinikauka. Mimi, mzee wa kanisa, nipige mluzi ibadani?

Ndipo nikausikia, mwembamba, kila noti mahali pake.

Niligeuka. Drusilla alikuwa amefumba macho, na midomo ameichongoa.