Viatu vya Kulalia

Bi Zuwena alikuwa amepanga bei upya. Kumlaza mtoto kwake mpaka saa ya shule, bei ni ile ile ya zamani. Kumwogesha na kumvalisha, nyongeza. Mama Salha, ambaye hufagia soko kabla halijafunguliwa, hakubishana.

Kesho yake alfajiri alipiga hodi, bintiye mgongoni, amelala fofofo. Salha alikuwa amevaa sare, soksi na viatu, kamba zimekazwa kwa mafundo.

"Nimemwogesha jana usiku, Bi Zuwena. Wewe mwamshe tu, aende."

"Kalala na viatu?"

"Ameshazoea."

Akamlaza mkekani, akamnyooshea sketi isijikunje, akachukua ufagio wake na kuondoka mbio.

Bi Zuwena alibaki akimtazama mtoto. Hata usingizini, Salha alisogea mpaka viatu vikatoka nje ya mkeka, asiuchafue.

Akachutama, akaanza kufungua fundo. Salha akauvuta mguu, macho bado ameyafumba.

"Usinivue, bibi," akasema. "Kuvalishwa ni hela."

Mkono wa Bi Zuwena ukabaki pale pale, umeshika kamba.