Ushahidi wa Figo

Mwalimu mkuu Syahuka aliingia chumba cha nyuma cha kanisa kwa ncha za vidole. Mfukoni alikuwa na mkojo wake mwenyewe, bado una joto.

Jumapili hiyo ya mwaka 1968, nusu ya Bwera ilikuwa inatembea na mkojo. Daktari Semakula alikuwa amekuja kutoka Kampala kuchunguza kama pombe inaharibu figo. Alitaka walevi thelathini na wasiokunywa thelathini. Walevi walipatikana kwa saa moja. Wasiokunywa walitajwa na kamati ya kanisa, baada ya wiki tatu za kukuna vichwa, na jina la kwanza lilikuwa la Syahuka, mwenyekiti wa Chama cha Kupinga Pombe.

Syahuka alipinga pombe mchana tu. Figo zake zilikuwa zimeona mengi, na leo zingetoa ushahidi mbele ya kamati ileile iliyompa shule, nyumba na baiskeli.

Dirishani, kando ya Biblia, ilisimama chupa ya kahawia ya zahanati, pacha wa ile ya mfukoni. Bila shaka ni ya katekista Ezironi, mtu aliyekataa hata uji uliolala, asije akalewa. Kasoro yake ilikuwa kikohozi tu.

“Kifua yangu, mwalimu,” alizoea kusema. “Bila dawa siwezi kumaliza hata zaburi moja.”

Syahuka aliinua chupa kwenye mwanga. Hakuna utando, hakuna mashapo. Mkojo wa mwenye haki, aliwaza, na machozi yakamlengalenga. Akaitia mfukoni, na yake akaiacha palepale dirishani. Figo za katekista, nani angethubutu kuzihoji?

Nje ya mlango wa kanisa, Daktari aliipokea chupa na kuandika jina. Kazi yake ilikuwa kuchemsha mkojo kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo, juu ya taa ya spiriti. Ukifanya ukungu mweupe, figo ni mbovu. Syahuka alikaa benchi la mwisho, akaimba besi kwa amani.

Wimbo wa pili haujaisha, Daktari alimwita kwa kidole. Wazee wawili wa kamati walikuwa wamesimama naye, wametoa macho.

“Mwalimu,” Daktari alinong’ona, “hii mkojo yako inawaka.”

Kweli, mdomoni mwa kichupa ulicheza mwali wa buluu, mzuri kabisa.

Syahuka alisema labda chupa yake na ya katekista zimepishana.

“Hapana. Ya katekista aliniletea alfajiri. Ile iko mkojo.”

Ndani, Ezironi alipanda mimbarani na chupa ya kahawia ya dirishani, akafungua Biblia, akakohoa mara mbili kama kila Jumapili. Kisha kanisa zima likasikia kizibo kikichomoka.