Gamba Lisilonyooka

"Takataka," mzee alisema, akilinyooshea gamba fimbo. Alikuwa ameshaketi karakanani bila kukaribishwa.

Fundi akalipangusa vumbi. Lilikuwa gamba la plastiki la kuvaliwa kifuani. Likiunganishwa na bomba, mashine hufyonza hewa iliyo ndani yake, na kifua kilichoshindwa kupumua huinuka. Hospitali ilimletea umbo la plasta tu, bila jina: mbavu zimebanana upande mmoja, mgongo umekwenda njia yake. Aliuonea huruma mwili ule asioujua. Ukingoni alibandika sponji laini, mkunjo kwa mkunjo, ngozi isije ikachubuka.

"Limepinda," mzee akasema. "Linyooshe."

"Nikilinyoosha, mzee, halitamkaa mwenyewe."

"Kichekesho."

Maneno yake yalikuwa mawili matatu, kisha kimya, kana kwamba wengine hawastahili zaidi. Alivaa koti zito joto lote lile, na bega moja amelipandisha, akimtazama fundi kutoka huko juu.

Mkewe, aliyejifunika shali hadi kiunoni, alisimama nyuma yake na mizigo yote, akihema. Fundi akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Asante, mwanangu. Usimjali baba yako. Nyumbani hatulali, tunaogopa usingizi. Daktari kasema bila gamba hili mwezi hauishi."

"Twende," mzee akasema. "Hilo avae kobe."

Fundi akachemka. Mume gani huyu, heri amzike mkewe kuliko kuonekana naye na gamba?

"Mzee," akasema, "mimi hata mbuzi wangu nisingekuachia."

Mzee akatazama ukutani. Fundi akalibeba gamba, akampita kama mtu anavyopita jalala, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Haya, mama yangu, tujaribu. Inua mikono taratibu."

Mama hakuinua mikono. Aliweka mizigo chini, akamwendea mumewe, akaanza kumfungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama anayemvua nguo mtoto aliyesinzia.

Mzee akafumba macho. Gamba likamkaa, mkunjo kwa mkunjo.