Adabu ya Kubeba Bastola

Kila Exaucé alipoinama kufuta meza, kitako cha bastola kilichungulia nje ya suruali yake.

Mwalimu Déogratias alikiona, akasonya kimoyomoyo. Mjinga wa wapi huyu? London hii, mwaka 2002, hata polisi wa barabarani wanatembea na virungu tu, halafu mfuta meza wa Lewisham anajichomeka bastola!

Si kubeba kulikomkera. Ni kubeba ovyo. Silaha kwenye biashara ya watu ina adabu yake, bwana: ikifichwa ifichike, mkono usiende kuipapasa, na mwenye kuibeba asiguse pombe. Huyu bia yake ilikuwa pale kaunta, na kiuno anakipapasa kila dakika utadhani ana upele. Kweli asiyejua maana haambiwi maana.

Lakini Déogratias hakuja kufundisha adabu. Alikuja kwa sahihi moja. Watu wa uhamiaji walitaka mtu wa kuthibitisha kwamba kule Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hajashika silaha maisha yake yote. Mama Emérence, mwenye mkahawa, alitoka Uvira. Akitia sahihi, Déogratias anabaki Uingereza. Asipotia, atapandishwa ndege.

Mkahawa haukuwa na mteja mwingine.

“Nitatia, Mwalimu,” alisema Mama Emérence, kalamu mkononi, akimsogezea sahani ya kisamvu. “Kula kwanza, sombe inapoa.”

“Aksanti sana, mama. Mungu akuzidishie.”

“Ulifundisha darasa la ngapi?”

“La tatu. Hesabu.”

Exaucé akainama kuokota kijiko. Bastola ikachomoka, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kijana akaiokota hivyo hivyo, kidole kwenye kifyatulio, mdomo wa bastola ukielekea tumboni mwa Mama Emérence.

Yarabi! Sahihi yenyewe bado haijatiwa!

“Lete hapa, mpumbavu we!” Déogratias aliruka. “Unataka kumuua mama wa watu?”

Akaipokonya kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kikabonyeza, magazini ya risasi ikadondoka mezani. Akavuta chuma cha juu, akachungulia ndani. Bila hata kufikiri akaifuta pajani mara tatu, akaibusu, kisha akailaza mezani, mdomo ukitazama ukuta. Hazikupita sekunde tano.

“Namna hii!” alifoka. “Huna hata haya! Silaha haichezewi mbele za watu, mtoto usiye na malezi!”

Ndipo akaona kilichomwagika kutoka kwenye ile magazini. Vigololi vya plastiki, vya njano. Kumbe ni kichezeo cha sokoni! Alitaka kucheka, amzomee kijana vizuri zaidi, lakini hakuna aliyecheka naye.

Exaucé, bila kupapasa kiuno tena, alikwenda akafunga mlango kwa ufunguo.

Mama Emérence akaiweka kalamu chini.

“Usiku ule mlipovamia nyumba yetu Uvira ulijifunga kitambaa usoni, nisingekujua kwa sura; sauti tu ilinitia shaka,” alisema. “Lakini ulipomaliza kumpiga baba yangu risasi, uliifuta pajani mara tatu, ukaibusu.”