Kila Neno ni Langu

Mchapaji alikuwa ameshika kalamu hewani, tayari kusaini, lakini dada aliyekuja dukani na kitabu hakukiachia. Alikikumbatia kifuani.

"Kwanza niambie kweli. Ni wewe uliyekitunga?"

Pembeni, mke wa mchapaji, aliyekuwa akipaka gundi migongo ya vitabu, akakohoa.

Kikohozi hicho mchapaji alikijua. Kitabu walikipakua mtandaoni, cha mtu aliyejiita Msafiri tu, na sharti lake lilikuwa moja: chapeni, uzeni, mtajirike, ila jina langu msilifute. Mkewe alimsihi, "Liache, baba. Jina halili chakula chetu." Wapi! Miaka thelathini mchapaji alikuwa amechapa majina ya wenzake. Safari hii jalada likabeba la kwake, na anwani ya duka chini yake. Kusoma, hakusoma. Yeye kazi yake kupanga kurasa.

Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuja kumtafuta mtunzi. Akikiri, mtaa mzima utamcheka.

"Kila neno ni langu," alisema.

"Na yaliyomo yalikupata wewe mwenyewe?"

"Binti, hayo si ya kubuni. Nimeyaishi."

"Hata sura ya tisa?"

"Hasa hiyo ya tisa! Niliiandika kwa machozi."

Dada akamkagua masikio, akamkagua pua, kisha akamtazama mama wa gundi. "Na huyu?"

"Mke wangu."

"Wa ngapi?"

Brashi ikasimama. "Swali gani hilo?" mchapaji alifoka. "Wa kwanza na wa mwisho!"

"Haya, saini."

Akasaini kwa mikogo, mkia wa jina ukazunguka ukurasa.

Dada alilisoma jina polepole, halafu akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Kumbe hata jina ulibadili. Ulituacha mimi niko mgongoni. Sura ya tisa umeapa kwamba tukikupata hutakimbia tena. Lakini kule mtandaoni Msafiri hana anwani, tungekupata wapi kama si jalada hili? Mama na kaka zangu wako nje na mizigo."

Kalamu ikamponyoka. Akamgeukia mkewe, macho yakimlilia: waambie, wewe si unajua!

Mkewe akafunika kopo la gundi taratibu, akafuta mikono.

"Waite waingie, mwanangu," alisema. "Kila neno ni lake. Si amesaini?"